Kebo ikichomolewa katikati ya kazi, kiendeshi kifanye nini?

Msomaji mmoja anayeshughulikia kompyuta katika ghala la chai Shimanzi, Mombasa, ametuandikia barua, na sehemu yake kuu ni hii: "Asalaam aleikum, mhandisi. Nimeandika kiendeshi cha Linux, yaani programu inayoiwezesha kerneli kuzungumza na kifaa, kwa ajili ya mizani ya USB tunayopimia mifuko ya chai. Kazi huenda vizuri mpaka mpakiaji ajikwae kwenye kebo ikachomoka. Hapo mara nyingine programu ya kusoma uzito hukwama tu isijibu, na mara nyingine mashine nzima huanguka, kerneli ikiandika general protection fault na anwani 0x6b6b6b6b6b6b6b6b. Katika funksheni ya disconnect, ile inayoitwa kifaa kinapoondoka, mimi huachilia kumbukumbu yote kwa kfree, kama nilivyofundishwa. Kosa langu liko wapi, na tukio la kifaa kuchomolewa hushughulikiwa vipi ipasavyo?"

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kuninakilia anwani ile nzima, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani yake. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ikiwashwa na ukaguzi wa kumbukumbu kupitia slub_debug, kila kipande cha kumbukumbu kinachoachiliwa hujazwa baiti ya 0x6b tangu mwanzo hadi karibu na mwisho, na baiti ya mwisho kabisa huwekwa 0xa5. Kwa hiyo unapoona 6b zimefuatana mara nane, ujue msimbo wako umekiendea kielekezi (pointer) kilichokuwa ndani ya kumbukumbu ambayo tayari ilikwisha kuachiliwa, na ukajaribu kukifuata. Kichakataji cha x86 cha biti 64 hakiikubali anwani ya umbo hilo, na ndiyo maana ukapata general protection fault wala si lile kosa la kawaida la ukurasa wa kumbukumbu usiokuwapo. Bila ukaguzi huo, kumbukumbu ile ile ingekuwa imeshakabidhiwa mwenyewe mpya, labda sehemu ya mfumo wa mafaili au ya mtandao, nawe ungeiharibu kimyakimya. Kwangu mimi hilo ndilo baya zaidi, kwa kuwa mashine iliyoanguka mbele ya macho yako imekuambia ukweli, lakini iliyoharibika ndani huendelea kuandika uzito wa uongo.

Sasa tulifuate tukio lenyewe tangu kwenye waya, maana aliyeandika disconnect bila kujua kilichotangulia huidhania kuwa ni taarifa ya jambo linalokaribia kutokea, na sivyo ilivyo.

Chukua kichwa cha kebo ya USB ya aina A ukitazame kwenye mwangaza. Utaona vipande vinne vya chuma, na viwili vya nje ni virefu kidogo kuliko viwili vya kati. Vya nje ni vya umeme na vya kati ni vya data, kwa hiyo wakati wa kuchomeka umeme hutangulia, na wakati wa kuchomoa data hukatika kwanza. Ndani ya kifaa mna kipingamizi cha kiloomu 1.5 kinachouvuta mmoja wa waya za data kwenda juu, D+ kwa kifaa cha kasi kamili na D- kwa kifaa cha kasi ndogo, na habu, yaani kituo chenye poti za USB, hutambua kwamba kuna mgeni kwa kuiona volteji hiyo. Volteji ikitoweka, habu huandika katika hali ya poti yake kwamba kuna mabadiliko, kisha hungoja kuulizwa. Naam, hungoja, kwa sababu katika USB 2.0 kifaa hakianzi mazungumzo, na habu ya kasi ya juu kwa kawaida huulizwa hali yake kila robo ya sekunde hivi. Muda huo wote mizani yako imekwisha kukatika na kiendeshi chako hakina habari. Kinachokiona ni maombi yake ya data yakirudi na makosa kama -EPROTO au -EILSEQ, ambayo kwa ugeni wa mambo mtu huyachukulia kuwa kelele za waya.

Kerneli nayo haiharakishi kukipokea kifaa kinachorudi. Habu inaposema kuna mabadiliko, kerneli huipima poti kila milisekunde 25 na kutaka hali itulie kwa milisekunde 100 mfululizo, na isipotulia ndani ya milisekunde 2000 huacha kungoja. Subira hiyo ina sababu, kwani ncha za chuma hudunda zinapogusana, na kwetu Pwani hudunda zaidi. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja upande wa Kilindini, kisomaji cha kadi kilikuwa kikionekana na kupotea mara nyingi ndani ya dakika moja, na nilipokitoa kichwa cha kebo nikakuta ncha zimeota kutu ya kijani kwa chumvi ya bahari. Kiendeshi kilikuwa sahihi kabisa, waya ndio uliokuwa umekufa. Kwa hiyo kabla ya kulaumu msimbo, safisha ncha, kisha uifunge kebo kwenye mguu wa meza ili mguu wa mtu usiifikie.

Ama kwa kifaa kilichotoweka, nyuzi za kazi za kerneli huita disconnect yako kwanza, kabla ya subira hiyo. Zingatia kwamba kuitwa kwake ni habari ya msiba iliyofika baada ya mazishi. Huwezi kuikataa, huwezi kuichelewesha, na huwezi kukiambia kifaa neno la mwisho. Tena kuna hali ambapo kifaa bado kimechomeka kabisa na disconnect ikaitwa, kwa mfano msimamizi wa mfumo anapokitenganisha kiendeshi na kifaa kwa kutumia sysfs, yale mafaili ya kerneli yaliyo chini ya /sys. Hata hapo, disconnect ikisharudi kifaa si chako tena, huenda kikapewa kiendeshi kingine dakika hiyo hiyo, na ni marufuku kukitumia.

Sasa lifuatalo ndilo nililokusudia ulishike kuliko yote. Katika kiendeshi chako mna maisha mawili uliyoyachanganya kuwa moja. Kuna maisha ya kifaa, yanayokoma siku mpakiaji anapojikwaa. Na kuna maisha ya ile struct unayoweka ndani yake habari za kifaa, ambayo inashikwa na kila aliyefungua faili ya kifaa na bado hajaifunga. Programu yako ya kusoma uzito ilikuwa imelala ndani ya read, ikingoja kwenye foleni iliyomo ndani ya struct hiyo hiyo. Ukaiachilia kumbukumbu, programu ikaamshwa au ikauawa kwa ishara, ikataka kujitoa kwenye foleni, na foleni haipo. Mtu wa Mombasa analijua jambo hili kutoka kivuko cha Likoni, ambako lango la kupandia hufungwa kwanza, waliokwisha kupanda husubiriwa washuke, na feri haitolewi kazini kwenda kutengenezwa ilhali ina abiria ndani.

Njia ya kulifanya hilo katika kerneli ni kuhesabu washikaji, na chombo chake ni kref. Katika probe, funksheni inayoitwa kifaa kinapoingia, unaanza hesabu kwa moja, ambayo ni ya kifaa chenyewe. Kila anayefungua faili anaongeza moja kwa kref_get, kila anayeifunga anapunguza kwa kref_put, na disconnect nayo inaipunguza ile moja ya kifaa. Atakayeifikisha kwenye sifuri, awe nani, ndiye anayeachilia kumbukumbu. Kwa mizani yako disconnect ingekuwa hivi:

static void mizani_disconnect(struct usb_interface *intf)
{
        struct mizani *m = usb_get_intfdata(intf);

        usb_deregister_dev(intf, &mizani_class);

        mutex_lock(&m->kufuli);
        m->imeondoka = true;
        mutex_unlock(&m->kufuli);

        usb_poison_urb(m->urb);
        wake_up_all(&m->wanaosubiri);
        kref_put(&m->hesabu, mizani_futa);
}

Mistari hiyo ni michache, lakini mpangilio wake una uzito kuliko mistari yenyewe. Wa kwanza unafunga lango, kwa kuwa baada ya usb_deregister_dev hakuna open mpya itakayofika kwako. Kufuli linalotumiwa ndani yake ndilo lile lile linaloshikwa wakati wa open, kwa hiyo aliyekuwa amekwisha kuingia atamaliza kuingia, ataongeza hesabu yake, na utamkuta ndani. Kisha unaandika kwamba kifaa kimeondoka, chini ya kufuli ambalo read na write nazo hulishika kabla ya kutuma ombi lolote, ili pasiwe na upenyo ambamo read imeangalia ikaona kifaa kipo, disconnect ikapita, halafu read ikatuma. Baadaye unaliua ombi la data (URB) lililo hewani. Nimechagua usb_poison_urb badala ya usb_kill_urb kwa makusudi, maana kill hulisimamisha ombi kwa wakati huo tu, lakini poison hulizuia lisitumwe tena hata na funksheni ya ukamilishaji, ile inayoitwa ombi linapomalizika, yenye kichwa kigumu. Ndipo unawaamsha waliolala, na mwisho kabisa unaondoa mkono wako kwenye hesabu.

Upande wa read, anayelala lazima angoje mambo mawili kwa pamoja, data au kuondoka kwa kifaa, hivi:

wait_event_interruptible(m->wanaosubiri, m->tayari || m->imeondoka)

Akiamka aangalie kwanza kama kifaa kimeondoka, na kama ni hivyo arudishe -ENODEV. Hapa ndipo ilipo ile hali yako ya pili, ya programu kukwama isijibu, kwa sababu ilikuwa ikingoja data peke yake, na hakuna aliyeiambia kwamba data haitakuja kamwe. Kama una poll, irudishe EPOLLHUP na EPOLLERR, ili programu inayongoja faili nyingi kwa pamoja ijue ni ipi iliyokufa. Na struct usb_device uishike kwa usb_get_dev katika probe, uiachie kwa usb_put_dev ndani ya mizani_futa, ili kielekezi chake kibaki halali hata kama huruhusiwi tena kukitumia kutuma chochote.

Kuna mtego ambao huwanasa hata wazoefu. Usiwahi kulala ukingoja data huku umelishika kufuli ambalo disconnect inalihitaji. Ukifanya hivyo, msomaji anangoja kuamshwa na disconnect, disconnect inangoja kufuli la msomaji, na hakuna wa kumsaidia mwenzake. Wala madhara hayaishii kwenye mizani. Disconnect huitwa na uzi wa kazi unaoishughulikia habu hiyo nzima, kwa hiyo kibodi na printa ya lebo zilizochomekwa kwenye habu ile ile nazo zitaacha kutambuliwa zikichomolewa na kuchomekwa upya. Zamani hali ilikuwa nzito zaidi, kwa kuwa uzi mmoja uliojulikana kama khubd ulishughulikia habu zote za mashine, na kiendeshi kimoja kibovu kiliweza kuzizuia zote. Funksheni ya ukamilishaji wa ombi nayo hairuhusiwi kulala, kwa hiyo usitumie ndani yake mutex, kufuli ambalo anayelingoja hulala. Tumia spinlock, ambalo anayelingoja halali, kwa zile data chache inazogusa, na uzime makatizo kwa spin_lock_irqsave. Ndani yake pia angalia hali ya ombi. Ukipata -ENOENT, -ECONNRESET au -ESHUTDOWN, rudi bila kutuma tena. Ukipata -EPROTO, usitume tena papo hapo bila kikomo, maana katika ile robo ya sekunde ya ujinga utaijaza kumbukumbu ya ujumbe wa kerneli kwa maelfu ya mistari na kuificha sababu ya kweli. Ngoja kidogo, jaribu mara chache, kisha uache.

Umenigusia pia, mwishoni mwa barua, kwamba unafikiria kuhamia devm_kzalloc ili usihangaike na kfree. Nakusihi usifanye hivyo kwa struct hii. Kumbukumbu iliyochukuliwa kwa devm huachiliwa yenyewe mara kiendeshi kinapotenganishwa na kifaa, bila kujali kama kuna aliyefungua faili. Ni kosa lako lile lile, tofauti ni kwamba sasa hulioni kwenye msimbo. Devm inafaa kwa vitu vinavyoishi na kufa pamoja na muunganiko wa kiendeshi na kifaa, na struct inayofikiwa kupitia faili iliyofunguliwa si mojawapo.

Probe yenyewe haina mengi, ila ni kioo cha disconnect. Andaa kila kitu, kufuli, foleni, hesabu, ombi, na usb_set_intfdata, kisha usb_register_dev iwe ya mwisho, kwa sababu pale inaporudi mtu anaweza kuwa amekwisha kufungua faili.

Sasa tutoke nje ya kerneli kidogo, kwa sababu ghalani kwako tukio halijaisha mpaka programu ya kupimia iwe imerudi kazini. Mizani ikichomekwa tena, kwa kerneli hicho ni kifaa kipya chenye namba mpya kwenye basi, hata kama ni chuma kile kile na poti ile ile, na kuja kwake hutangazwa kwa ujumbe wa uevent kupitia netlink, njia ya kerneli ya kuzungumza na programu. Katika Linux 2.4, iliyotoka Januari 2001, kerneli ilianzisha programu ya /sbin/hotplug kwa kila tukio, na vifaa vingi vikija kwa pamoja programu nyingi zilikimbizana bila mpangilio. Udev, iliyoanza 2003, ilichukua nafasi hiyo kwa kusikiliza na kupanga, na tangu 2009 devtmpfs ndiyo inayoumba majina ya msingi ndani ya /dev. Programu yako ikitaka kujua vifaa vilivyopo, ianze kusikiliza matangazo kwanza, halafu ndipo ihesabu vilivyopo. Ukigeuza mpangilio huo, kifaa kitakachoingia katikati hutakiona. Kusikia habari moja mara mbili hakudhuru, kuikosa kunadhuru.

Kuhusu zile mizani zenu za zamani zinazopitia kigeuzi cha siriali, ambazo hutoka zikiwa ttyUSB0 na kurudi zikiwa ttyUSB1, sababu ni kwamba programu bado imeishika faili ya zamani, na namba haiachiliwi mpaka ifungwe. Programu ikipata kosa la kusoma, ifunge faili mara moja, na ifungue kupitia /dev/serial/by-id, ambako jina hufuata utambulisho wa kifaa chenyewe, si zamu ya kuingia.

Umeuliza kama kanuni hizi zinahusu vifaa vingine. Kwa kadi za PCI Express zinahusu, na dalili ya kuondoka huko ni ya pekee: ukisoma rejista ya kadi isiyokuwapo unapata biti zote zikiwa moja, yaani 0xFFFFFFFF, kwa hiyo kitanzi kinachongoja biti fulani igeuke sifuri hakitaisha milele usipokiwekea kikomo cha muda. Vichakataji ni habari nyingine, kwa sababu pale kerneli ndiyo inayoondoa kwa hiari yake, hatua kwa hatua, na msimbo wako huarifiwa kabla ya jambo kutokea. Ni adabu ambayo mpakiaji wa mifuko hawezi kukufanyia.

Sasa jaribu, na usingoje mtu ajikwae. Washa kerneli yenye KASAN na lockdep. Ya kwanza itakuonyesha ni mstari upi uliogusa kumbukumbu iliyoachiliwa na ni upi ulioiachilia, na ya pili itakuonya kuhusu mpangilio mbaya wa makufuli kabla haujakunasa. Endesha programu inayosoma uzito mfululizo, na wakati huo andika jina la kiunganishi cha kifaa, kwa mfano 1-2:1.0, ndani ya faili ya unbind iliyomo katika folda ya kiendeshi chako chini ya /sys/bus/usb/drivers, kisha ndani ya bind, na urudie mamia ya mara kwa hati fupi ya ganda. Weka msleep ya sekunde mbili ndani ya read, baina ya kuamka na kuangalia imeondoka, ili upenyo uliokuwa mwembamba kama uzi uwe mpana wa kupita lori. Yakipita hayo yote bila neno la KASAN, ondoa msleep, kaa karibu na mizani, weka mfuko juu yake, na wakati tarakimu zinabadilika ichomoe kebo kwa mkono wako. Programu inapaswa kusema kifaa kimeondoka, ifunge faili, na ukiichomeka tena ianze kupima bila mtu kuigusa kibodi. Isipofanya hivyo, niandikie tena, na uniletee mistari ya dmesg kuanzia pale panaposema USB disconnect.